Kurudisha Jino Lililotoka kwa Kupandikiza Mfupa na Kipandikizi: Mwongozo Kamili kwa Mgonjwa

Watu wengi wanaofika kliniki kuulizia kipandikizi cha jino, yaani skrubu ya chuma inayowekwa ndani ya taya ili ibebe jino jipya, huanza na swali la bei, kisha la maumivu. Ni nadra mtu kuulizia mfupa wake, ilhali mfupa ndio unaoamua kama kipandikizi kitawekwa, kitawekwa lini, kitakuwa na ukubwa gani na kitadumu kiasi gani. Mimi ni daktari wa meno, na ninaanzia kwenye mfupa kwa makusudi, kwa sababu mgonjwa anayeuelewa mfupa wake huweza kufuatilia kila hatua ya matibabu, kuuliza maswali yanayostahili, na kukataa pale anapoharakishwa.

Mfupa huenda wapi jino likitoka

Weka kidole kwenye pengo lako, upande wa shavu, ukiteleze taratibu kutoka kwenye ufizi wa jino la jirani hadi katikati ya pengo. Kama jino lilitoka zamani, kidole kitatumbukia bondeni. Bonde hilo halitokani na nyama kupungua; ni mfupa uliokwenda. Ile sehemu ya taya inayoishika mizizi ya meno hujengwa na meno na huishi kwa ajili ya meno, na mzizi ukishatoka mwili huanza kuiyeyusha kidogo kidogo. Ndani ya miezi 12 ya kwanza upana wa mfupa huweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Ukuta wa nje, ulio upande wa shavu na mdomo, ndio unaotangulia kuondoka kwa kuwa ni mwembamba. Kwenye meno ya mbele ya juu mara nyingi unene wake haufiki hata milimita 1.

Marehemu mama yangu alivaa meno ya bandia ya taya la chini kwa miaka mingi. Yalipotengenezwa yalimkaa barabara. Baadaye yakaanza kucheza, kisha yakawa yanaelea kila anapozungumza, naye akaacha nyama choma, akaacha mahindi, na mwishowe akawa anayaweka kwenye bilauri ya maji na kuyavaa wageni wanapobisha hodi. Meno yale hayakuwa yamebadilika hata kidogo. Taya lililokuwa chini yake ndilo lililokwisha, na katika miaka yote hiyo hapakuwa na mtu aliyemweleza hivyo.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya kurudisha jino huanza siku ya kung'oa, kabla jino halijatoka. Muulize daktari kama jino hilo linaweza kuokolewa kwa matibabu ya mzizi, kwa kuwa hakuna kipandikizi kinacholishinda jino lako mwenyewe lililo zima. Ninawasihi hasa ndugu zetu wa Arusha, Kilimanjaro na kandokando ya Mlima Meru, ambako maji yana floraidi nyingi, madini yanayoyatia meno rangi: meno ya rangi ya kahawia hayajaoza kwa sababu ya rangi hiyo, wala rangi pekee si sababu ya kung'olewa. Nimewapokea vijana waliotoa meno ya mbele yenye mizizi imara kwa aibu ya rangi tu, na kuyarudisha ni kazi ya mwaka mzima.

Ikiwa jino halina budi kutoka, omba ling'olewe kwa namna ya kuulinda ukuta wa mfupa, yaani kwa kuachanisha mizizi ya gego na kuitoa mmoja mmoja badala ya kulitikisa jino hadi ukuta uvunjike. Uliza pia kama shimo linaweza kujazwa chembe za mfupa siku hiyohiyo. Huko kujaza hakuzuii upungufu wote, lakini hupunguza sana kiasi kitakachopotea, na mara nyingi humwepusha mgonjwa na upasuaji mkubwa wa mfupa baadaye.

Uchunguzi kabla ya lolote

Ziara ya kwanza ni ya maswali, picha na vipimo. Mweleze daktari magonjwa yako yote na dawa zako zote, hata zile unazoona hazihusiani na meno. Mwenye kisukari anaweza kuwekewa kipandikizi, ila sukari yake iwe imedhibitiwa. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3, kinachoitwa HbA1c, ndicho cha kutazamwa, na kikizidi asilimia 8 madaktari wengi huahirisha upasuaji hadi kishuke. Anayetumia dawa za kuimarisha mifupa kama alendroneti, au aliyechomwa sindano ya zoledroneti kwa ajili ya saratani, lazima aseme mapema, kwa sababu dawa hizo zinaweza kusababisha mfupa wa taya kufa baada ya kuguswa na upasuaji. Aliyepata tiba ya mionzi kichwani au shingoni naye aseme. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari wa meno na daktari wa moyo huzungumza wakakubaliana. Mwenye VVU anayetumia dawa vizuri na ambaye kinga yake iko imara hazuiwi. Mjamzito husubiri hadi ajifungue. Kijana ambaye taya lake bado linakua husubiri pia, kwa kuwa kipandikizi hakisogei pamoja na taya, na miaka michache baadaye kitaonekana kimezama huku meno ya jirani yakiwa yameshuka.

Sigara ni kikwazo kikubwa, kwani hubana mishipa ya damu kwenye fizi na kuunyima mfupa mpya chakula chake. Atakayeweza aache kabisa. Asiyeweza aache angalau wiki 1 au 2 kabla ya upasuaji na miezi 2 baada yake. Ugoro, na tambuu yenye tumbaku inayopendwa Pwani, viingizwe katika agizo hilohilo, na mlaji wa miraa aelewe kwamba kutafuna upande wa kidonda saa nyingi kutaivunja kazi. Ugonjwa wa fizi nao hutibiwa kwanza hadi fizi ziache kutoka damu, kwa sababu bakteria walioliangusha jino la zamani watakishambulia kipandikizi vilevile.

Kisha huja picha. Eksirei ya kawaida ya taya zima huonyesha urefu wa mfupa lakini haionyeshi upana wake, na upana ndio unaopotea kwanza. Kwa hiyo uliza kuhusu picha ya pande tatu ya taya, inayojulikana kwa kifupi kama CBCT, ambayo daktari huikata kwenye kompyuta kama mtu anayekata mkate vipande vyembamba na kupima kila kipande. Mwombe akuonyeshe pengo lako kwenye skrini na akusomee hesabu. Kipandikizi cha kawaida kina kipenyo cha milimita 3.5 hadi 5 na urefu wa milimita 8 hadi 12. Chenye kipenyo cha milimita 4 huhitaji mfupa wenye upana wa takriban milimita 6 hadi 7, ili kizungukwe na mfupa pande zote. Kati yake na mzizi wa jino la jirani ibaki angalau milimita 1.5, kati ya vipandikizi viwili, milimita 3. Katika taya la chini, ncha yake isiukaribie mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini kwa chini ya milimita 2. Katika taya la juu, nyuma, mpaka ni sainasi, chumba cha hewa kilicho juu ya magego. Hesabu hizi zikitimia, utaruka sehemu inayofuata. Zisipotimia, mfupa utajengwa kwanza.

Kupandikiza mfupa

Mfupa wa kupandikiza hutoka katika asili nne. Wa kwanza ni wako mwenyewe, unaochukuliwa kidevuni, nyuma ya magego ya chini, au nyongani kwa kazi kubwa. Huu una chembe hai, ila hukuongezea kidonda cha pili. Wa pili hutolewa kwa binadamu mwingine aliyejitolea mwili wake, ukasafishwa na kukaushwa. Wa tatu hutoka kwa mnyama, mara nyingi ng'ombe, wakati mwingine nguruwe au farasi. Wa nne hutengenezwa kiwandani kwa madini ya kalsiamu na fosfeti. Utando unaofunikwa juu ya mfupa huo nao una asili yake, na nyingi zinazotumika zimetokana na nguruwe.

Waislamu wengi, na Wahindu pia, hugundua jambo hili baada ya kushonwa, wakapata uchungu wa moyo usio na dawa. Uliza kabla, kwa maneno ya wazi: chembe hizi zimetoka kwa mnyama gani, na utando huu je? Kila kopo na kila pakiti huja na maelezo ya asili yake, na karibu kila kazi ina njia mbadala. Daktari anayelichukulia swali lako kuwa usumbufu hajakuelewa.

Siku ya upasuaji utapigwa sindano ya ganzi, na hiyo mara nyingi hutosha. Daktari hufunua ufizi, hutoboa matundu madogo kwenye mfupa wa zamani ili damu ichuruzike, kisha hufungua kopo la chembe. Ukiziona utadhani ni chumvi ya mawe iliyotwangwa nusunusu: nyeupe, kavu, zinazogongana kwenye bakuli la chuma. Akizichanganya na damu yako hulowa zikashikana kama mchanga wa ufukweni maji yanapojitoa, naye huzipanga kwa kijiko kidogo mahali palipo na bonde. Juu yake hutandaza utando, ambao kazi yake ni kuizuia nyama ya ufizi isiingie haraka na kuichukua nafasi ya mfupa, kwani nyama hukua upesi kuliko mfupa. Kisha ufizi hushonwa bila kuvutwa. Mshono uliokazwa kwa nguvu huachia siku chache baadaye, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya kupandikiza kushindwa.

Chembe zile hazigeuki mfupa zenyewe. Ni kama jukwaa la fundi mwashi: mishipa ya damu huingia katikati yake, chembe hai za mfupa hufuata na kujenga, na jukwaa huyeyuka polepole au hubaki limefunikwa na mfupa mpya. Ujenzi huo huchukua miezi 4 hadi 6, na kwenye sainasi iliyoinuliwa, yaani sakafu yake ikisukumwa juu ili chembe zijazwe chini yake, huweza kufika miezi 9. Pale upungufu unapokuwa mdogo, kipandikizi na mfupa huwekwa siku moja. Pale ambapo kipandikizi hakiwezi kushika vizuri kwenye mfupa uliopo, anayekuahidi kumaliza yote kwa siku moja anaiharakisha pesa yako, si mfupa wako.

Kuinua sainasi kuna masharti yake. Kwa wiki 2 usipenge kamasi, ukipiga chafya ufungue mdomo, usipulize puto wala chombo cha muziki, usinywe kwa mrija, na uahirishe safari ya ndege hadi daktari akuruhusu. Msukumo wa hewa unaweza kuupasua utando mwembamba wa sainasi na kuzimwaga chembe zote ndani yake.

Kuweka kipandikizi

Kipandikizi chenyewe ni skrubu ya titaniamu inayokaa mahali pa mzizi. Ujuzi huu ulianzia kwa Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia vyombo vya titaniamu, akashindwa kuvitoa kwa kuwa mfupa ulikuwa umevishika kabisa. Mwaka 1965 alimwekea vipandikizi mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye alivitumia zaidi ya miaka 40 hadi alipofariki mwaka 2006.

Wagonjwa huogopa hatua hii kuliko zote, nayo huwa nyepesi kuliko walivyodhani. Wengi huniambia kwamba kung'oa jino kulikuwa kugumu zaidi. Saa 1 kabla, daktari anaweza kukupa gramu 2 za amoksisilini, dawa ya kuua bakteria iliyo ya jamii ya penisilini, kwa hiyo kama una mzio wa penisilini sema hata kama ulishasema. Baada ya ganzi mfupa hutobolewa kwa keekee nyembamba, kisha nene zaidi, kisha nene zaidi, huku maji ya chumvi yaliyo safi yakimwagika bila kukoma. Maji hayo yana sababu kubwa: mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika 1 huanza kufa, na kipandikizi kilichozungukwa na mfupa uliokufa hakishiki. Utasikia mtikisiko na mvuto, lakini usisikie uchungu wa kuchoma. Ukiusikia, inua mkono. Skrubu hukazwa hadi kipimo cha takriban Nyutoni-sentimita 35, hufunikwa kwa kifuniko kidogo, na ufizi hushonwa.

Jambo moja nalirudia kwa kila mgonjwa wa taya la chini. Ganzi ikishakwisha muda wake, kwa kawaida saa 3 hadi 5, mdomo na kidevu vinapaswa kurudi katika hali yake. Vikiwa bado vimekufa ganzi usiku huo au kesho yake asubuhi, piga simu kliniki siku hiyohiyo, usingoje miadi ya kutoa nyuzi. Kipandikizi kinachougandamiza mshipa wa fahamu kinapaswa kutolewa au kurudishwa juu kidogo ndani ya siku ya kwanza au ya pili, na nafasi ya kupona hupungua kadiri unavyochelewa.

Siku na wiki za nyumbani

Siku ya kwanza weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 juu ya shavu na dakika 15 kupumzika. Usisukutue wala kutema mate kwa nguvu, kwa kuwa utaling'oa bonge la damu lililoganda. Kula vya laini visivyo moto: mtori uliopoa, uji, viazi vilivyopondwa, maziwa ya mgando, parachichi. Supu ya moto na pilipili vingoje. Kuanzia siku ya pili sukutua taratibu kwa dawa ya kloreksidini yenye nguvu ya asilimia 0.12 au 0.2, na meno mengine uyapige mswaki kama kawaida. Chembe mbili tatu za mfupa zikitoka mdomoni kama mchanga, usishtuke. Uvimbe huongezeka hadi siku ya 2 au ya 3, kisha hushuka; ukizidi kupanda baada ya hapo, au usaha ukatoka, au ukapata homa, rudi mara moja. Meno ya bandia ya kuvaa yasikalie kidonda hadi daktari ayachonge upya, kwani mgandamizo wake huua mfupa mpya kimyakimya.

Wiki ya 3 ndiyo ya hatari kuliko zote, nayo ndiyo ambayo mgonjwa hujiona amepona. Mwanzoni kipandikizi hushikwa na mbano tu wa mfupa uliotobolewa. Mfupa huo wa zamani huanza kuyeyuka pembezoni kabla mpya haujakomaa, na kwa muda ushikaji hupungua badala ya kuongezeka. Hakuna maumivu ya kukuonya. Basi usitafunie upande huo, hata kama unahisi ungeweza kutafuna muwa, hadi miezi 3 ipite kwa taya la chini na miezi 4 hadi 6 kwa taya la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi.

Taji na kuuma

Mfupa ukishashika, ufizi hufunguliwa kidogo, kiungo cha kubebea taji huunganishwa na kipandikizi, na vipimo huchukuliwa kwa ajili ya taji lenyewe, yaani sehemu ya jino inayoonekana, ambalo leo hutengenezwa kwa zirkonia, aina ya kauri ngumu, au kwa kauri iliyowekwa juu ya chuma. Uliza kama taji litafungwa kwa skrubu au litagandishwa kwa simenti. La skrubu hufunguliwa likihitaji matengenezo, na mimi hulipendelea panapowezekana, kwa kuwa mabaki ya simenti yaliyojificha chini ya ufizi huchokoza uvimbe unaokula mfupa.

Usiondoke kwenye kiti kabla hujauma mara kadhaa karatasi ya rangi inayoonyesha mahali meno yanapogusana. Jino la asili limening'inizwa kwenye nyuzi zinazobonyea kidogo linapoumwa, na nyuzi hizo hukuambia ukiuma kwa nguvu kupita kiasi. Kipandikizi hakina nyuzi, wala hakina hisia hiyo. Kikipokea mzigo kupita jirani zake, skrubu italegea au kauri itavunjika. Anayesaga meno usingizini atengenezewe kinga ya kuvaa usiku.

Gharama, daktari na karatasi

Omba makadirio ya maandishi yanayotenganisha picha, chembe za mfupa, utando, kipandikizi, kiungo, taji na ziara za kufuatilia. Bei ndogo inayotangazwa mara nyingi ni ya skrubu peke yake. Uliza pia nani atalipia kipandikizi kisiposhika. Hakikisha daktari amesajiliwa. Tanzania Bara msajili ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya ni KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno. Ukiamua kutibiwa India, Uturuki au Dubai, panga safari mbili, kwa kuwa miezi ya kusubiri haifupishwi na tiketi, na mtafute mapema daktari wa nyumbani atakayekubali kukuangalia katikati.

Kipandikizi si lazima kiwe kwa kila pengo. Daraja, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani, linafaa pale ambapo meno ya jirani tayari yanahitaji kuvikwa taji, na meno ya kuvaa bado ni msaada wa kweli kwa asiye na uwezo. Lakini kwa mzee aliyepoteza meno yote ya chini, fikirieni vipandikizi 2 tu upande wa mbele wa taya, vyenye vifungo kama vya shati, ambavyo meno ya kuvaa hubanwa juu yake. Sehemu hiyo ya mbele huwa na mfupa hata baada ya miaka mingi, mara nyingi haihitaji kupandikizwa mfupa, na gharama yake ni sehemu ndogo ya ile ya kurudisha kila jino. Ndicho ambacho ningemfanyia mama.

Kwa miaka inayofuata, piga mswaki kuuzunguka ufizi wa kipandikizi mara mbili kwa siku, pitisha uzi au brashi ndogo ya kati ya meno kila usiku, na uonwe kila baada ya miezi 6. Ufizi unaotoka damu pembeni ya kipandikizi haupoi kwa kusukutua maji ya chumvi. Nenda uonwe wiki hiyohiyo, kabla uvimbe haujafika mfupani. Mwisho, dai kadi ya kipandikizi chako yenye jina la kampuni, kipenyo, urefu na namba ya toleo, uipige picha na uihifadhi pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Bisibisi ya kampuni moja mara nyingi haifungui skrubu ya nyingine, na miaka 15 ijayo, taji likilegea ukiwa Mwanza au Mombasa, daktari atakayekupokea ataanza kwa kuiomba kadi hiyo.